Utepe Chini ya Vifungo

Chini kabisa ya makazi ya Waziri Mkuu, karibu na stoo ya mashuka, kuna chumba cha pasi ambacho mvuke wake hauishi. Humo alishinda Mama Pasi, na asikudanganye mtu, kazi ile si kunyoosha nguo tu, ni kusoma watu. Mvuke ukipanda, mashati yaliyotundikwa yalipepea taratibu, naye akajiona yuko barazani na waungwana wasio na vichwa. Aliwaamkia, akawasengenya kidogo.

Kisha mashati ya mkubwa yakaanza kusema. Matundu ya vifungo yalichanika, vifungo vikaning'inia kwa uzi mmoja. Siku moja akamwona bustanini, mkono wa kulia kautia mfukoni, hautoki hata kupunga. Mama Pasi akaelewa, na moyo ukamuuma. Mtu anasaini nyaraka za nchi, shati lake hawezi kulifunga, na aibu imemziba mdomo. Wakubwa wenzake wakijua, watagombea kiti chake angali amekikalia.

Basi akavishona vifungo vyote juu ya matundu yake, pambo tu, na chini yake akashona utepe wa kunata, ule wa viatu vya watoto. Hakuambiwa, hakuuliza. Mashati yakaanza kurudi mazima. Hawakuwahi kusemeshana, lakini kila asubuhi alihisi wameamkiana.

Ndipo msimamizi wa nyumba, bwana wa kunusanusa kila kabati, alipovuta shati moja likalia krrr.

"Mama, nini hiki? Shati la Waziri Mkuu unalifanya raba ya chekechea?"

"Ni mimi, baba. Vidole vimezeeka, vifungo vinanisumbua kwenye pasi."

"Miaka kumi na tisa havikukusumbua?"

"Uzee haubishi hodi."

Uongo ukasimama, ila ukamwangukia mwenyewe. Msimamizi alimwambia arudishe vifungo vyote siku ileile, na kesho asije kazini.

Mama Pasi akashika mkasi, machozi yakamtoka. Hakuilia kazi, riziki Mungu hutoa. Alimlilia mtu mzima atakayesimama mbele ya kioo asubuhi, peke yake, akihangaika. Akafumua utepe polepole mno, kama mtu anayetaka asubuhi ichelewe.

Asubuhi alipita kuchukua miwani yake aliyoisahau. Msimamizi alikuwepo, akikagua makabati. Mlango ukafunguka, na ndani ya mvuke akaingia Waziri Mkuu mwenyewe, shati wazi hadi kitovuni, katibu na walinzi wawili nyuma yake. Hakuwahi kushuka huku. Akautoa mkono mfukoni, ukitetemeka, akaunyoosha mbele ya wote.

"Utepe nimeukosa leo," alimwambia msimamizi. "Mama huyu aliuweka kwa ajili yangu." Kisha akamgeukia Mama Pasi. "Shikamoo, mama. Nimeshindwa. Nifunge."

Msimamizi akatazama sakafu. Mama Pasi akaweka miwani machoni, akamsogelea.

"Marahaba, mwanangu. Inua kidevu."

Naye akakiinua.