Kidole Ndani ya Uji

Pale Kiegeani, enzi za Mdachi, mpunga haukuvunwa kwa ujira. Ulivunwa kwa togwa, kinywaji cha uji uliotiwa kimea. Mwenye togwa nzuri shamba lake lilijaa majirani, mwenye togwa mbaya alivuna na mumewe na kima. Togwa iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa ya Bimkubwa, naye hakumruhusu mtu aguse mtungi wake, hata mkaza mwanawe Arafa, bibi harusi wa juzi, aliyeutamani mtungi ule hata akawa anauota.

Basi kesho watu wanakuja kuvuna, leo Bimkubwa akaitwa kisiwani Chole, bintiye kashikwa na uchungu.

"Utapika wewe," alimwambia Arafa akijitanda kanga. "Uji ukianza kupoa, tia kidole usome Fatiha. Ukivumilia mpaka Amina, ndipo utie kimea."

Arafa alifurahi mno. Alitwanga kimea, mtama uliochipuzwa na kuanikwa, akawa anakinusa kila baada ya mitwango michache. Alipika uji mzito, akatia kidole. Uji ulikuwa wa moto hasa, lakini Arafa alikuwa binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, na kidole kilipoanza kuungua alisoma mbio, Amina ikamtoka kabla hajavuta pumzi. Akatia kimea, akafunika.

Asubuhi alifunua. Togwa iliyoiva huwa nyepesi, na povu lake hunong'ona ukiinamia mtungi. Huu ulikuwa uji vilevile, umeganda, kimya, mwiko unasimama wima. Kimea kilikuwa kimeungua. Arafa aliona haya mpaka machozi yakamlenga: watu wakirudi makwao, mpunga utaliwa na ndege, na mtungi ule hataushika tena.

Wavunaji walipofika, mumewe Iddi alitaka kuwaambia mtungi umevunjika. Arafa akamtangulia.

"Shikamooni. Togwa haijaiva. Nilitia kimea uji ungali wa moto."

Mzee Kombo, ambaye ulimi wake uliogopwa na kijiji kizima, alimtazama. "Kwa hiyo tuvune na koo kavu?"

"Mpaka adhuhuri tu, babu. Kimea kimebaki kidogo."

"Adhuhuri ikipita, mpunga utakaobaki ni wenu na kima," alisema Kombo, na wote wakaingia shambani wakiguna.

Arafa aliupasha uji moto, akauacha upoe, akatia kidole, akasoma herufi kwa herufi, kila irabu akiipa haki yake. Kidole kikatulia. Akatia kimea kilichobaki, akachutama palepale akiutazama uji ukilegea, ukawa mwepesi, ukaanza kunukia utamu. Raha aliyoipata hapo hakuna aliyewahi kumsimulia.

Adhuhuri alikuwa akiwatilia watu vifuuni Bimkubwa alipotokea, mjukuu kamwacha salama huko Chole. Vicheko vikakatika. Bimkubwa alichukua kata, akaonja.

"Haijachacha," alisema.

"Bado, mama. Ya kwanza niliiharibu, hii nimeitengeneza leo."

"Ni tamu," alisema Kombo, kifuu chake kitupu kwa mara nyingine. "Ukali tutaungoja mwakani."

Bimkubwa alionja tena. Tangu aolewe, hakuna aliyepata kumwona ameketi togwa ikigawiwa shambani kwake. Alimrudishia Arafa kata, akaokota kifuu, akaenda kukaa mwisho wa mkeka, nyuma ya Kombo, akangoja zamu yake.