Moshi Mlangoni

Alimasi ndiye aliyepima hewa katika mgodi wa makaa wa Mjerumani, vilimani juu ya Rumonge. Kila asubuhi aliingia hadi mwisho wa shimo, akawasha kitambaa chenye mafuta ya mawese, akatazama moshi. Ukitembea, watu wachimbe. Ukisimama, asiingie mtu.

Ramadhani ilipoingia, aliogopa kuumeza moshi ule, funga yake isije ikabatilika. Basi siku ya kwanza akapimia mlangoni. Mlangoni, jamani, upepo wa ziwa unapopuliza! Moshi ukakimbia kama mbuzi aliyekata kamba.

"Hewa iko nzuri," akamwambia rafiki yake Athumani, mchimbaji. "Ingia tu, ndugu yangu."

Adhuhuri Athumani akatolewa amebebwa, hana hata mchubuko. Hewa ilimwishia. Makaburini watu wakasema heri yake, amekufa amefunga. Alimasi akaitikia amina.

Tangu mwaka ule, kila Ramadhani ikiisha, Alimasi hulipa siku moja. Mkewe Kadidja humuuliza analipa siku ipi, maana hajapata kumwona akila mchana. Atamwambiaje kwamba ni ile ya mlangoni, siku ambayo funga yake ilikuwa safi kabisa?