Ndege wa Kwenye Kiyoyozi

Wanunuzi walikuja wakavu na kuondoka wamelowa. Wa kwanza alikuwa na kipara, na tone lilimtua katikati ya kipara hicho wakati anasifu makabati. Wa pili, mama mmoja aliyevaa hariri, alikaa kitandani kupima godoro, akainuka na mgongo wa kutia huruma. Kila mara Bi Breki alishika kiuno na kusema maskini, hii nyumba ya magurudumu imezeeka kama wenyewe. Mwongo mkubwa, huyo mama.

Jina la Bi Breki alipewa kazini, miaka ile aliyoendesha gari la wagonjwa, kwa sababu hakuna aliyepanda naye akashuka na usingizi. Alipostaafu, yeye na mumewe walinunua gari-nyumba: kitanda nyuma, jiko dogo ubavuni, meza ya kukunja, na kiyoyozi juu ya paa kama kofia. Walikwenda nalo walikotaka, wakichoka na mahali wanawasha injini. Mumewe, mpimaji wa ardhi mstaafu ambaye watu walimwita Mzee Vipimo, alishika ramani. Yeye alishika usukani, na ugomvi wao wote ulikuwa wa kona ipi wakate.

Kisha binti yao wa pekee, muuguzi mwenye kauli za wodini, akasema basi. Macho ya Baba hayo, magoti ya Mama hayo, na barabara zenyewe ndizo hizi. Gari liuzwe, wao wahamie chumba cha uani kwake, ambacho alikwisha kukipaka rangi. Mzee Vipimo akajibu, "Sawa, mwanangu," upesi hivyo, hata chai hajaimaliza. Bi Breki naye akasema sawa, shingo upande. Roho ilimuuma, na alimkasirikia mumewe kuliko alivyomkasirikia binti. Mtu umezunguka naye nchi nzima, halafu anakuuzia usukani kwa neno moja.

Basi akachukua ubao.

Kiyoyozi cha paa kikifanya kazi hutoa jasho, na jasho hilo huingia kwenye sinia lake, likatoka nje kwa vitundu. Gari likisimama sawa, maji hudondoka nje kwa adabu. Likiinama, maji hurudi nyuma, yakaruka ukingo na kushuka ndani. Hilo Bi Breki alilijua tangu walipoegesha mlimani wakaamka na shuka mbichi. Kwa hiyo kila mnunuzi alipotajwa, alisogeza gari, palepale uani kwa binti, ati likae kivulini, na hapo kivulini, chini ya majani makavu, ubao ulikuwa unalingoja gurudumu la mbele. Pimamaji ya mumewe, ya kupimia usawa, aliificha kwenye kopo la unga.

Mzee aliitafuta, akakata tamaa, akapanda ngazi na silikoni yake kuziba paa. Aliziba na kuziba, na mnunuzi aliyefuata akamwagikiwa kuliko waliotangulia. Bi Breki alishangaa kidogo kuona ubao mmoja unavyojituma.

Binti akachoka. Asubuhi moja alileta fundi wa viyoyozi, akasema mnunuzi mwingine anakuja mchana, na huyu hataki mchezo.

Fundi alitoa pimamaji yake mwenyewe, akailaza sakafuni, akaitazama. Akatoka nje, akafukua majani kwa ncha ya kiatu.

"Nani aliegesha hapa?"

"Mimi," alisema Bi Breki. "Majani, fundi. Yanafunika kila kitu."

Mzee Vipimo aliinama kuutazama ubao. Ulikuwa ubao wa kukanyagia mlangoni, uliopotea siku nyingi, na alama zake za penseli zilikuwa bado ziko pale. Alikohoa.

Gari likasogezwa mahali pa tambarare. Kiyoyozi kikawashwa, na Bi Breki akangoja kushindwa. Maji yakaja, tena mengi, palepale juu ya kitanda. Sasa hayo hayakuwa yake.

Fundi alipanda juu, akafungua kifuniko, akachomoa kitu kwenye kitundu na kukirusha chini. Ilikuwa leso ya buluu, imekazwa mafundo. Bi Breki aliijua kwa pindo lake, maana alilishona kwa mkono wake mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilitoka mfukoni kabisa. Alimgeukia mumewe. Mzee alikuwa anayatazama mawingu.

"Ndege," alisema Bi Breki.

"Ndege," mumewe akaitikia haraka. "Msimu huu wamezidi."

"Wa hapa wanajua kufunga mafundo," alisema fundi, akarudisha kifuniko.

Binti aliiokota leso, akaenda langoni kumpigia simu mnunuzi.

Wazee wakabaki nyuma ya gari.

"Ulikubali upesi mno," alinong'ona Bi Breki. "Hata chai hukumaliza."

"Ulikuwa unalalamika magoti wiki nzima. Nikadhani umechoka, unaona haya kusema. Wewe mbona ulikubali?"

"Nilikufuata wewe."

"Na mimi nilikuwa nakufuata wewe."

Bi Breki alicheka mpaka akashika bampa. Alifurahi, na aliona aibu, vyote pamoja. "Unapima kila kitu, mzee wangu, mimi tu umeshindwa kunipima."

Mnunuzi alikuja, akakaa chini ya kiyoyozi, akapapasa dari. Pakavu. Akasema amelipenda, atalichukua.

"Bwana," alisema Mzee Vipimo, "umeliona lilivyo zima?"

"Nimeliona."

"Halivuji?"

"Hata tone."

"Basi ndiyo maana hatuliuzi. Bovu tungekupa."

Mnunuzi alimgeukia Bi Breki, kama watu wanavyomgeukia mke pale mume anapoonekana kurukwa na akili.

"Msikilize," alisema Bi Breki. "Leo anasema kweli." Kisha akamshika binti yake mkono. "Chumba chako kizuri, mwanangu, na rangi imekaa vizuri. Tutakuja kulala humo, lakini kama wageni. Ukituweka humo moja kwa moja, tutazeeka siku hiyohiyo."

Binti alimwomba radhi mnunuzi, akamsindikiza.

Jioni, injini ikiwa tayari inanguruma, binti alikuja dirishani kwa dereva, ubao kwapani na leso mkononi, imefuliwa na kukauka.

"Nilingoja mniambie wenyewe," alisema. "Mkaona ni rahisi zaidi kulowesha watu." Akapitisha leso mbele ya mama yake, akamkabidhi baba yake. "Baba, ndege huyo akirudi, mwambie asipande ngazi tena. Nilikuwa nasimama dirishani namtazama, roho mkononi."

Mzee Vipimo aliikunja leso, akaikunja tena.

"Na ubao?" aliuliza Bi Breki.

"Huu unabaki. Nitauweka mlangoni pa chumba cha uani. Kizingiti kiko juu, na mkirudi sitaki mjikwae."

Bi Breki aliondoa gari polepole, na hakugusa breki mpaka walipoipita kona.