Karatasi Safi Kupita Kiasi

Mwaka ule wa 1986 nilikuwa nimeshamaliza kila kitu. Nguo nyeupe nimeshona mwenyewe, cherehani nimemwachia binti yangu Mukashema, majirani zangu wa Rwezamenyo nimewaomba radhi mmoja mmoja. Ilibaki karatasi ya Daktari Nsabimana tu, aseme moyo wangu unaweza kufika Makka. Ndege Ijumaa, nasi tulikuwa Jumanne.

Sibomana, fundi wa mashine ya moyo, akanilaza, akanibandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni, akanifunika shuka. Kalamu ya mashine ikaanza kukwaruza. Mstari ulijaa manyoya kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi butu.

"Mama, usitingishike!"

"Nimetingishika wapi? Nimelala kama maiti!"

"Maiti hajibu, mama."

Akabonyeza kitufe. Manyoya yakatoweka.

"Umefanya nini?"

"Kichujio hicho. Mtetemo wa misuli ni wa haraka, pigo la moyo ni la polepole. Kinazuia vya haraka, kinapitisha vya polepole."

Daktari akaitazama karatasi, akairudisha. "Safi kupita kiasi. Ndani ya pigo kunaweza kuwa na vijino vidogo, navyo ni vya haraka. Vimechujwa pamoja na takataka. Rudia bila kichujio."

Tukarudia: manyoya. Tena: manyoya! Mgongo unaniuma, adhuhuri inanipita.

"Kitendawili," nikamwambia Sibomana kwa hasira.

"Tega."

"Napepeta mtama, pumba zinaruka na chenga zangu."

"Mashine yangu hiyo. Umenitukana, mama."

Akafunua shuka akague waya wa mkono. Akakuta vidole vyangu vinasukuma tasbihi.

"Yewe, mukecuru! Bibi kizee wee, na hii je?"

"Huo si mtingishiko, huo ni uradi!"

"Mashine haijui uradi."

Kumbe ni mimi, tangu asubuhi! Nikampa Mukashema, aliyekuwa amenisindikiza, tasbihi, uso umenishuka. Mstari ukatoka safi bila kitufe, na katika kila pigo kijino kimoja, kama uzi ulioruka kwenye mshono.

Daktari alikitazama sana. "Mwaka huu hapana, mama. Vidonge kwanza, halafu tutapima tena."

Karatasi ya kichujio ilikuwa bado mezani, laini, nzuri. Nikainyooshea kidole. "Si usaini ile?"

"Ile si moyo wako, mama."

Nikaichukua tasbihi yangu nianze tena. Nilikuwa nimesahau nilipofikia.