Bawa la Kushoto

Mimi nikikaa kitako muda kidogo tu, miguu inaanza kuwasha. Ndiyo maana nyumbani wananiita Kiguu, ile ya kiguu na njia, na siwezi kubisha. Lakini tangu yale makasha ya ndege yashushwe kwenye gereji yetu, nilitulia mpaka mama akanishika paji la uso aone kama nina homa.

Ndiyo, ndege. Si ya kuchezea. Ni ndege ya kujiunganishia mwenyewe, viti viwili, propela moja, inakuja vipande vipande na kitabu cha maelekezo kinene kama tofali. Baba ni fundi wa lifti. Miaka yote kazi yake ni kupandisha watu juu na kuwarudisha chini ndani ya boksi, sasa akasema boksi limemchosha, anataka kupanda juu aone hewa. Gari likatolewa nje linyeshewe, ndege ikaingia ndani.

Mama akauliza, "Na isiporuka?"

Baba akajibu, "Itakuwa kabati."

Halafu kuna mimi. Nimemaliza shule, matokeo si mabaya, ila hakuna aliyejua nifanywe nini. Baba mdogo ana duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa anatafuta mtu wa kukaa kaunta auze misumari na rangi. Kukaa! Kaunta! Mimi! Mimi nilikuwa nataka chuo cha ufundi wa ndege. Baba akanisikiliza huku anabandua gundi vidoleni, halafu akatoa hukumu.

"Bawa la kulia langu, la kushoto lako. Mbavu zote, gundi yote, nyaya zote. Sitagusa. Mkaguzi akilipitisha, unaenda chuo, na mama yako nitamkabili mwenyewe. Asipolipitisha, Kiguu, ni misumari."

Tukapeana mikono. Mkono wake ulikuwa na gundi, tukaganda kidogo.

Sasa, mkaguzi wa ndege ndogo huku kwetu hapiti ovyo. Akija mara moja, kumwona tena ni mpaka mvua zikatike, na chuo wanafunga kuandikisha kabla ya hapo. Na sharti lake linajulikana: anataka kuliona bawa likiwa uchi. Aone mbavu za mbao, aone viungo, aone nyaya na makapi, yale magurudumu yanayozunguka ndani. Akisharidhika ndiyo unalivisha kitambaa. Hilo nilikuwa nalijua kama jina langu. Naomba mnielewe hapo.

Tatizo ni shangazi.

Shangazi yangu anashona gauni za maharusi. Baba alimwita aje atuvishie mabawa kwa sababu hakuna mkono kama wake, naye akaja na begi lake, mkasi wake, na mdomo wake. Siku moja kabla ya mkaguzi kuja, baba akaitwa kazini, lifti imenasa na watu ndani. Tukabaki gerejini mimi na shangazi, na bawa langu juu ya meza limelala kama samaki aliyeliwa akabaki miiba.

"Hebu tupime tu," shangazi akasema.

"Shangazi, mkaguzi hajaliona."

"Nani kasema tunavisha? Ulishasikia nimeshona gauni bila kumpima mwenye mwili? Tunapima, tunavua, basi."

Nikaona maneno ya mtu mzima. Tukatandaza kitambaa cheupe juu ya bawa, shangazi akajaza pini mdomoni, akaanza kubana pembeni huku anazunguka meza na kuongea kupitia meno.

"Hapa kiunoni panapwaya."

"Bawa lina kiuno?"

"Kila kitu kina kiuno, ila wewe. Lete gundi, tia kidogo kwenye ukingo, nione linavyokaa."

Nikatia kidogo. Panapwaya bado. Nikatia tena.

Hicho kitambaa, nikwambie, si kama cha shati. Hakibanwi kwa sindano peke yake. Unakipiga pasi, joto likikiingia kinajikunja chenyewe na kulikumbatia bawa. Pasi ya kawaida kabisa, ileile ya kunyooshea sare za baba. Shangazi alikuwa hajawahi kuona. Akaniambia, "Nionyeshe sehemu ndogo tu, ukubwa wa kiganja." Nikapitisha pasi. Makunyanzi yote yakatoweka palepale, kama mtu kayafuta.

"Weee!" shangazi akapiga kelele. "Rudia!"

Nikarudia. Jamani, raha iliyoje! Akaninyang'anya pasi, nikamnyang'anya, tukawa tunapokezana na kucheka kama walevi. Miezi yote ile nilikuwa nina mifupa mezani, na sasa hivi, mbele ya macho yangu, inageuka ndege! Upande wa juu ukaisha. Tukaligeuza. Mama alipotuita kula, bawa lilikuwa limevaa mwili mzima, limekaza kama ngoma.

Nikachomoa pasi. Ndipo akili ikarudi.

"Shangazi."

"Nini?"

"Hii inavuliwaje?"

Akashika ukingo, akavuta kidogo, akavuta tena. Gundi ilikuwa imeshakuwa jiwe.

"Haivuliwi," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akanyamaza.

Baba alirudi jioni. Akasimama mlangoni, akalisogelea bawa, akaligonga kwa kidole. *Dum.* Nikaona tabasamu linamponyoka, maana lilikuwa zuri, hata adui angekiri. Halafu tabasamu likafa.

"Na kesho mkaguzi ataona nini?"

"Tulikuwa tunapima tu, kaka," shangazi akasema.

"Mmelipima likapimika."

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alinitazama tu, nikaanza kunusa rangi ya dukani kwa baba mdogo.

Asubuhi mkaguzi akafika. Nilitarajia jitu la miraba minne, kumbe ni mama mfupi, taa imefungwa kwenye paji la uso, kioo kidogo kwenye kijiti. Akaanza na bawa la kulia. Kila kiungo anakigonga kwa ukucha, anainamisha kichwa kusikiliza, anasogea. Baba anamfuata nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa. Mwisho akaitikia kwa kichwa. Limepita. Baba akashusha pumzi mpaka vumbi la mbao likaruka.

Akageukia la kwangu.

"Hili limependeza," akasema.

"Asante," shangazi akadakia.

"Sijasifu. Mimi sikagui nguo."

Baba akajikohoza. "Kijana kalifanya vizuri, mama. Mimi mwenyewe nimeuona kila ubavu."

"Wewe umeona. Mimi sijaona. Siku likimkatikia mtu huko juu, ataulizwa nani?" Akazima taa yake, akaanza kufunga begi. "La kulia limepita. Hili tutaonana mvua zikikatika."

Mvua zikikatika! Nikaona geti la chuo linafungwa, nikaona kaunta, nikaona kopo la misumari. Nikakurupuka nikachukua mkasi mezani.

"Weka chini!" shangazi akafoka mpaka mkaguzi akaruka. "Mkasi wangu wa hariri haukati gundi!"

"Shangazi, anaondoka!"

Akaingiza mkono kwenye begi, akatoa wembe mpya. Macho yalikuwa yamemlowa kidogo, lakini sauti ilikuwa ya kazini. "Kama ni kuchana, chana kwa adabu. Anzia hapa. Pita katikati ya mbavu, usiguse mbao."

Mkaguzi akasimama na begi lake begani. Nikachomeka wembe.

Kitambaa kilichokazwa vile hakingoji kukatwa. Kilipasuka *prrraaa* mpaka mwisho, chenyewe, kikafunguka kama mdomo. Shangazi akafumba macho. Nikachana mara ya pili, ya tatu, upande mzima ukaning'inia, na mbavu zangu zikatokeza, safi, vilevile nilivyoziacha. Nilikuwa nahema kama nimekimbizwa na mbwa.

"Tayari," nikasema.

Mkaguzi akawasha taa. Akaanza kugonga. Kiungo, kiungo, kiungo. Akafika kwenye kapi, lile gurudumu dogo linaloshika waya wa kuongozea bawa. Akaingiza kioo. Akasimama. Akaingiza vidole viwili, akatoa kitu, akakiinua kwenye mwanga.

Pini. Yenye kichwa chekundu.

"Ya nani hii?"

Shangazi alikuwa ameshajishika mdomo.

"Ilikuwa imelala pembeni ya kapi," mkaguzi akasema taratibu. "Ndege ikiinama, inaingia kati ya waya na gurudumu. Rubani anavuta, bawa halimsikii. Uliingia na pini ngapi, mama?"

"Nani anahesabu pini?" shangazi akasema kwa sauti ndogo.

"Kwenye ndege tunahesabu. Kuna nyingine?"

Sasa hapo ndipo ilipokuja kazi. Baba akaleta sumaku yake ya kwenye fimbo, ile anayonasia skrubu zikidondoka kwenye shimo la lifti. Akaipitisha ndani, *tik*, ikatoka na pini. Akapitisha tena, *tik*, nyingine. Tena, hakuna kitu.

"Simamisheni bawa," mkaguzi akaamuru. "Mtikise. Na mtu asipumue."

Tukalisimamisha. Baba huku, mimi kule, shangazi katikati, mama akatoka jikoni na mikono ya unga akashika ncha. Tukatikisa. *Kacha.*

"Umesikia?" baba akanong'ona.

"Nimesikia!"

"Ni bangili ya mama huyo," mkaguzi akasema. Mama akavua bangili. Tukatikisa tena. Kimya. Tukaligeuza kichwa chini. *Kacha, kacha,* kitu kinateremka ndani, ubavu hadi ubavu, na sisi macho yote yanafuata sauti kama tunakiona. Ikafika kwenye ncha, ikadondoka kwenye sakafu ya saruji: pini, kichwa cha bluu. Tukashangilia kama goli! Mama akamkumbatia baba akampaka unga shati zima.

"Tena," mkaguzi akasema.

Tukatikisa mpaka mabega yakawaka moto. Juu, chini, kulia, kushoto. Hakuna kacha. Bawa lilikuwa kimya kabisa, na kimya kile kilikuwa kitamu kuliko muziki.

Mkaguzi akamaliza viungo vilivyobaki, kimoja kimoja, hana haraka hata chembe. Halafu akatoa penseli nyuma ya sikio, akaandika jina lake palepale kwenye mbao, ndani, mahali ambapo kitambaa kitapita juu yake na hakuna mtu atakayepaona tena.

"Limepita," akasema. "Gundi yako ni safi. Fundi wako wa nguo mpe boksi la pini lenye hesabu."

Sijui nilifanya nini. Wanasema niliruka nikagonga kichwa kwenye taa ya gereji. Shangazi alikuwa analia na kucheka pamoja, huku anajipekua mdomoni kwa kidole kama kuna pini imebaki.

Baba akatoa simu mfukoni, akatafuta namba, akanipa ikiwa inaita.

"Mwambie mwenyewe," akasema.

"Kiguu!" baba mdogo akapokea. "Unakuja lini? Kaunta imeota vumbi."

"Siji, baba mdogo. Bawa limepita. Naenda chuo."

Upande wa pili nikasikia mteja anauliza bei ya kitasa.

"Limepita kweli? Na watu wameona?"

"Wameona mpaka ndani kabisa!"

"Haya," akasema, akavuta pumzi ndefu. "Ila mwambie baba yako siku akiruka asipite juu ya duka langu. Bati hilo nimeliezeka juzi."

Nilikuwa bado nacheka, shangazi akanivuta mkono. Alikuwa ameshakunjua kile kitambaa kilichobaki, kipya, cheupe, kimefunika sakafu mpaka mlangoni.

"Kata simu, fundi," akasema. "Shika kona hii, na nihesabie pini."