Jengo Nililoapa Kutolipiga Picha

Mimi ni fundi wa friji, lakini ukinikuta Jumapili nimesimama barabarani shingo imepinda kama naongea na malaika, ujue napiga picha majengo. Ngazi za posta, matao ya stesheni ya zamani, mapaa ya mabati yakilowa mvua, kamera yangu haibagui. Ila jengo moja niliapa sitalipiga, ng'o!

Lenyewe ni ghorofa lililoota ng'ambo ya barabara, mbele ya dirisha letu. Kabla yake, jua la asubuhi lilikuwa linaingia chumbani kwa mama moja kwa moja. Mama alikuwa anaweka kiti dirishani, ananyoosha miguu yake yenye baridi yabisi juani, anasikiliza redio na kumsema kila mtu anayepita chini. Zege lilipopita usawa wa dirisha, jua likaisha. Mama akaanza kuvaa soksi mchana kutwa. Hata redio akaacha kuifungua. Nilimwona anavyonywea, na mimi fundi mzima sikuwa na la kufanya.

Kaka yangu, ambaye anaishi nje ya mji kwenye nyumba yenye ua mpana, akasema sasa basi, mama anahamia kwake. Nilibisha mpaka sauti ikakauka. Mama mwenyewe ndiye aliyenikata maini.

"Mwanangu, hapa nakaa kama kiazi stoo," alisema. "Acha niende nikaote jua."

Tangu nizaliwe sijawahi kuishi mbali na mama yangu. Nililia bafuni, bomba nimelifungua asinisikie.

Siku ya kuhama, kaka alikuja na pikapu baada ya chakula cha mchana. Akawa anabeba, anahema, analalamika kwamba mama ana masufuria kama anafungua hoteli. Asubuhi ile mafundi walikuwa wameshusha neti za ujenzi kwenye lile ghorofa, kumbe ndani wamelivisha vioo kutoka juu hadi chini. Sikutaka hata kulitazama.

"Mpiga Kuta," mama aliniita. Ndilo jina alilonibandika, kwa sababu wenzangu wanapiga picha harusi. "Lipige na hilo. Nikifika huko niwaonyeshe watu kilichonifukuza."

Mama akishaomba, kiapo kinakaa pembeni. Nikachukua kamera, nikafungua dirisha, nikalielekezea kwa hasira. Jua lilikuwa nyuma ya jengo letu, linateremka.

Kioo cha juu kabisa kikawaka. Kikafuata cha chini yake, halafu safu nzima, mwanga wa dhahabu ukishuka safu baada ya safu kuja usawa wetu. Mawingu yalikuwa yanatembea ndani ya vile vioo, ndege wanapita humo, mapaa ya nusu ya mji yamejipanga humo, hata tenki letu bovu la maji limependeza. Mama wee! Miaka yote ninayokimbizana na majengo sijawahi kuona kitu kama kile. Mwili ulinisisimka, machozi yakanitoka, kidole kikasahau kazi yake.

"Nyie," mama alisema nyuma yangu, "nani kawasha taa?"

Nikageuka. Chumba kilikuwa kimejaa jua, kwenye kuta, kwenye kitanda kilichotanduliwa, kwenye uso wa kaka aliyesimama mlangoni na kiti cha mama kichwani, macho kayakodoa. Lile lile ghorofa lililotuzibia jua la asubuhi lilikuwa linaturushia la jioni.

"Hilo si jua?" kaka aliuliza, kama mtu aliyeibiwa.

"Ni jua," nikasema. "Vioo haviendi popote, mama. Na kesho litakuja."

Mama alimtazama kaka, akanyoosha kidole dirishani. Kaka akakishusha kiti pale pale kilipokuwa siku zote. Mama akaketi, akainama taratibu, akavua soksi moja, akavua ya pili, akamkabidhi.

"Kaziweke kwenye pikapu," alisema. "Hizo ndizo zinazohama."