Bi Tangamano Aozesha Herufi

Sogeeni, jibaneni, nafasi ipo: habari za nchi ya Upwekeni hazisikilizwi kwa kusimama. Huko, chini ya Sultani Jitosheleza, ilikuwa haramu watu wawili kushika kitu kimoja. Kila nyumba na kigoda kimoja, kila sinia na mlaji mmoja. Bwana harusi akisherehekea Jumatatu, bibi harusi Jumanne. Na umbea, ee Mola, kila mtu akijisengenya mwenyewe chumbani!

Sheria hiyo ikaingia hata darasani. Kila herufi ilitamkwa kivyake, hata watoto wakalisoma neno “shoka” kuwa “se-ho-ka”, na “dhahabu” wakaisoma “de-ha-ha-bu”, kama wanaocheka. Walibwata mwaka baada ya mwaka, maana wasiipate.

Ndipo mwalimu wao, Bi Tangamano, mwanamke mcheshi asiyejua kula peke yake, alipomvisha mtoto mmoja kibao cha S, na mwingine cha H. “Mkiachana, kila mtu na sauti yake,” akawaambia. “Mkishikana mikono, sauti ni moja tu: sh!”

Wakashikana. Darasa likaitika: sha, she, shi, sho, shu. Jioni ile Jeuri, mdogo kuliko wote, akasimama mbele ya duka la mhunzi akasoma bila kukwama: “Shoka kali.”

Kadhi Tenga akamshtaki mwalimu kwa kuozesha herufi bila idhini. “Kanusha mafundisho yako, bibi,” akanguruma barazani mbele ya umati, “ama utahamishwa nchi leo hii, na darasa livunjwe!”

“Nikanushe nini, Kadhi wangu? Watoto wamekwisha kusoma. Niwaombe wasahau?”

“Fungueni lango, atoke!” Sultani akaamuru.

Loo! Lango la Upwekeni lilikomewa kwa gogo la mvule, na tangu sheria itungwe hakuna aliyeliinua. Askari akalivaa peke yake, halikutikisika. Akaja wa pili, peke yake vilevile. Kiuno kikalia kwa! Kadhi naye akakunja kanzu, akaambulia jasho. Sultani akashuka kitini kwa ghadhabu, akashika ncha moja; Kadhi, kwa kujipendekeza, akadaka ya pili. Gogo likapanda mabegani.

Hapo Jeuri akapaza sauti: “Mwalimu! Wameshikana!”

Umati ukaangua kicheko. Bi Tangamano akainama kwa adabu. “Maulana, lango li wazi. Nitoke peke yangu, au tutoke sote watatu kwa kosa moja?”

Sultani akamtazama Kadhi; Kadhi akatazama vidole vyake vya miguu, kwani mmoja akiachia, mwenzake amekwisha.

“Mwalimu,” Sultani akasema, pumzi zikimpaa, “huko darasani mnafundisha na kutua mzigo?”

“Tunafundisha, Maulana. Lakini kwanza semeni pamoja, kwa sauti moja: sheria imefutwa.”

Mara ya kwanza Kadhi alitangulia kutamka, watoto wakawarudisha mwanzo.